Kwa nini "Zeus" anageuka "Dios" na "Dia" kwenye Kigiriki cha Matendo 14? Wajuzi mje hapa

mwana_koine ameandika:

Wakuu salaam. Naomba kujuzwa jambo moja, limenikalisha kichwa juu. Nasoma Kigiriki cha Agano Jipya chuo cha Biblia, tumefika kwenye Matendo 14, pale Listra watu walipoona yule kiwete ametembea wakaanza kupiga kelele kwa Kilikaonia kwamba miungu imeshuka kwa sura ya wanadamu. Biblia zetu zinasema wakamwita Barnaba Zeu na Paulo Herme. Sawa. Sasa nikafungua Kigiriki chenyewe, mstari wa 12 imeandikwa Δία (Dia), nikasema labda ni ile "dia" ya "kwa njia ya", nikajaribu kutafsiri hivyo sentensi ikagoma kabisa. Nikashuka mstari wa 13 nakuta kuhani wa Διός (Dios). Nimepekua kamusi kwenye delta sioni mungu anaitwa Dios, nimeenda kwenye zeta namkuta Ζεύς anakaa peke yake na herufi zake ambazo hata moja ya mwanzo haifanani na hizo.

Mwenzangu darasani anasema Dia ni mungu mwingine wa Walikaonia. Mwalimu nilipomuuliza akasema "kariri tu hivyo". Mimi kukariri kitu nisichokielewa kunanishinda, ndo nilivyo. Halafu kuna mtu mwingine kaniambia hata Zena yule mwanasheria wa Tito 3:13 jina lake linatokana na huyohuyo Zeus, hapo ndo akanimaliza kabisa, Zeus, Dios, Dia, Zena, wote mtu mmoja?? Mwenye nondo anishushie taratibu.

---

kalamu_ya_mwanzi ameandika:

Ni mmoja mkuu, usihangaike na mungu wa Walikaonia. Kigiriki jina la mtu linabadilika mwisho kulingana na kazi yake kwenye sentensi, hilo unalijua tayari, Paulos, Paulou, Paulō, Paulon. Zeus naye hivyohivyo ila yeye anabadilika mpaka mwanzo. Andika pembeni ya daftari:

Ζεύς (Zeus): akiwa mtenda
Διός (Dios): "wa Zeus"
Διί (Dii): "kwa Zeus", anayepewa
Δία (Dia): akiwa mtendwa
Ζεῦ (Zeu): ukimwita, "ewe Zeus!"

Mbinu ya kushika: funika mwanzo wa neno kwa kidole uangalie mkia tu. -os, -i, -a. Umeshaiona wapi hiyo? Kwenye σάρξ, mwili, neno ambalo ukisoma Warumi utakutana nalo mpaka ulichoke: sarx, sarkos, sarki, sarka. Mikia ileile. Hata alama ya mkazo inatembea vilevile, kwenye σαρκός na σαρκί mkazo uko kwenye mkia, ukifika σάρκα unarudi mbele kwenye shina. Διός, Διί, halafu Δία. Yaani ukishajua sarx, Zeus unaye, unachoongeza ni kujua kwamba shina lake ni Di- na kwamba kwenye kamusi anakaa kwa Z.

Na kuhusu kuchanganya na "dia" ya "kwa njia ya": ile mkazo wake uko mwisho, διά. Huyu mkazo uko kwenye iota, Δία, na wachapaji wanampa herufi kubwa. Ila kwenye miswada ya zamani kama Sinaiticus kila kitu ni herufi kubwa, hakuna nafasi kati ya maneno na alama za mkazo hamna, kwahiyo ΔΙΑ ni ΔΙΑ, msomaji ajitegemee. Kilichomwokoa ni sentensi yenyewe: "walimwita Barnaba..." sasa wakamwita nani? Kitenzi cha kuita kinataka akusativu (umbo la mtendwa) mbili, yule anayeitwa na jina analopewa. Βαρναβᾶν ni akusativu, Δία akusativu, Παῦλον akusativu, Ἑρμῆν akusativu. Zinaenda mbilimbili. Ukiona hivyo "kwa njia ya" haina pa kukaa.

---

Mfunua_Siri ameandika:

Mnamzungusha kijana wa watu. Ukweli mchungu ni huu, Zeus na Dios ni miungu wawili tofauti waliounganishwa, na hapo ndo walipopatia DEUS ya Kilatini, na hata jina mnalosali nalo kila Jumapili mwishoni lina "ZEUS" ndani yake, Ye-Zeus. Msome historia acheni kukaririshwa.

---

kalamu_ya_mwanzi ameandika:

Nilijua utakuja tu 😂 huu uzi ulikua unakunukia.

---

babu_wa_mizizi ameandika:

Mfunua_Siri nitakujibu ila kwanza nimalizane na mwenye uzi maana jibu lako limo humohumo ndani.

Mwana_koine, swali lako zuri sana na jibu lake halihitaji miungu wawili. Chukua jino na meno. Mgeni anayejifunza Kiswahili akikuuliza kwa nini ukiongeza jino moja "ji" inapotea na inazuka "me", utamwambia nini? Wapo watakaosema ni maneno mawili. Wala. Shina ni -ino, ukiweka ji- mbele inakua jino, ukiweka ma- inakua ma-ino, na kwetu a na i zikikutana zinayeyuka zinakua e, ndo meno. Sauti zimekutana zikaharibu sura ya neno, mzizi haujaenda popote.

Zeus ni hivyohivyo. Mzizi wake wa kale, kabla hata Kigiriki hakijaitwa Kigiriki, ulikua kama dyeu-, na maana yake inahusu anga, mwanga wa mchana. Ukiwa mtenda unapata dyēus. Sasa Kigiriki kilikua hakipendi d na y zikibanana mwanzoni mwa neno, kikazigeuza zeta, ukapata Zeus. Kwenye "wa Zeus" mzizi unajikunja, ile e inatoka, unabaki na diw- na mkia -os: Diwos. Hapo d haijabanana na y, imekaa na i irabu kamili, kwahiyo hakuna kilichoilazimisha kuwa z. Baadaye sauti ya w ikafa kwenye lahaja ya Athens na ya Ionia, Diwos ikabaki Dios. Basi. Z na D zimetoka tumbo moja, moja imepigwa na y nyingine imepona.

Usidhani hiyo w ni ya kubuni ili hesabu itoke. Ipo imeandikwa. Kuna vibao vya udongo vya enzi ya Mykene, ustaarabu wa kale wa Ugiriki, maandishi yake Michael Ventris aliyafumbua mwaka 1952, na kumbe lugha iliyokuwemo ni Kigiriki cha zamani kuliko cha Homer, yule mshairi wao wa kale. Kimoja kilichopatikana Pylos, cha karibu mwaka 1200 KK, kinaorodhesha vyombo vya dhahabu na watu wanaopelekwa kwa miungu, na pale imeandikwa di-we, "kwa Zeus", anafuata Hera naye na chombo chake. Humohumo kuna di-wo, "wa Zeus". Karani wa ghala alikua anaandika mali imeenda wapi, hakua na habari na theolojia, na ametuachia w yetu safi kabisa.

Sasa Zena. Ukitaka mtendwa wa ule mzizi wa zamani, ilitoka Zēn (Ζῆν), ndo akusativu ya asili. Homer anayo bado, mara chache, mwishoni mwa mstari. Lakini masikio ya Wagiriki yalishazoea kwamba akusativu ya namna hii iishie na -a, kwahiyo Zēn ikaonekana kama haijakamilika, wakaibandika -a ikawa Zēna. Ukishakua na Zēna, si unaona kama shina ni Zēn-? Basi wakaunda na zingine, Zēnos, Zēni, na washairi wakazipenda maana zinawapa nafasi ya kucheza na mizani. Upande mwingine Dia iliundwa kwa kufuata Dios. Ndo maana mungu mmoja ana akusativu tatu, Zēn, Zēna, Dia, na watu wa kawaida mtaani Athens wakabaki na Dia.

Kwahiyo majina ya watu yana milango miwili. Wa mlango wa Dio-: Diogenes, Diodoros, na Diotrefe wa 3 Yohana yule anayependa kuwa wa kwanza, jina lake ni "aliyelelewa na Zeus". Wa mlango wa Zeno-: Zenon, Zenodoros, Zenobia, na Zena wako wa Tito ambaye jina ni kifupisho cha mojawapo ya hayo, kama sisi tunavyomkata Abdallah anakua Dula. Aliyekwambia hakukudanganya.

---

mwana_koine ameandika:

Aisee. Jino na meno nimeielewa mpaka nimecheka peke yangu library. Sasa kwann vitabu haviandiki hivi?

---

babu_wa_mizizi ameandika:

Vipo vinavyoandika ila si vile vya mwaka wa kwanza. Vya mwaka wa kwanza vinataka upasue mtihani.

Narudi kwa Mfunua_Siri. Ndugu yangu, hoja yako ya Ye-Zeus inasimama kwa sababu unaangalia umbo moja tu, lile la mtenda, tena kwa matamshi ya Ulaya. Kigiriki ukitaka kujua neno ni ndugu wa nani usiangalie nominativu (umbo la mtenda), angalia jenitivu (umbo la "wa fulani"). Kila kamusi ya Kigiriki inakupa jenitivu pembeni kwa sababu hiyo, nominativu inaficha shina.

Haya tuwapange. Zeus: Dios, Dii, Dia. Yesu: Ἰησοῦς (Iēsous), jenitivu Ἰησοῦ (Iēsou), dativu (umbo la anayepewa) Iēsou, akusativu Iēsoun. Iko wapi Dios hapo? Kama Zeus angekua amejificha ndani, ukisema "wa Yesu" angetokeza D yake. Hatokezi. Na ile s ya mwisho uliyoijengea nyumba ni mkia tu wa jina la kiume, ukienda jenitivu imeshatoka. Halafu katikati ni sigma (s) si zeta (z). Jina lilitoka kwa Kiebrania Yeshua, na wale waliotafsiri Agano la Kale kwa Kigiriki, karne kadhaa kabla ya Barnaba kufika Listra, walishamwandika Yoshua mwana wa Nuni hivyohivyo Iēsous. Sasa na Yoshua naye tuseme nini?

Kuhusu deus, hapo umekaribia jikoni ila umeingilia dirishani. Deus ya Kilatini na Zeus wana babu mmoja, huo mzizi wa anga na mwanga, ila ni binamu, hakuna aliyemzaa mwenzake. Zeus pacha wake wa Kilatini ni Jupiter. Na yule naye ana ugonjwa uleule: Iuppiter akiwa mtenda, ukisema "wa Jupiter" ni Iovis. Kwa sababu Iuppiter ni mzizi huo umeunganishwa na pater, baba, na ilianza kama namna ya kumwita, "ewe Baba Anga", ikazoeleka ikawa jina. Homer naye anaita Ζεῦ πάτερ, na Wahindi wa Veda, yale maandiko yao ya kale ya dini, walikua na Dyaus Pita. Halafu θεός (theos) ya Kigiriki, neno la "mungu" ambalo liko kila ukurasa wa Agano Jipya, huyo hata ukoo huo hayumo, ana mzizi mwingine kabisa japo kwa sikio anafanana na deus.

---

Mfunua_Siri ameandika:

Kwahiyo unakubali kwamba Baba wa Anga ni mmoja dunia nzima. Asante, sina swali.

---

kalamu_ya_mwanzi ameandika:

Huyu mwacheni.

Babu kuna kitu nimekumbuka umekipita. Hiyo ya Zēna na Dia hata Wagiriki wenyewe iliwasumbua. Plato kwenye Kratylos anamweka Sokrates anasema wengine wanamwita Zēna wengine Dia, na kwamba ukiyaunganisha ndo unapata asili ya mungu huyu, kwa sababu yeye ndiye "ambaye kwa yeye" (δι' ὅν) viumbe wana "kuishi" (ζῆν). Yaani mwana_koine ulivyojaribu kuisoma Δία kama "kwa njia ya", ulikua uko meza moja na Sokrates 😂. Kimzizi sio kweli hata kidogo, na hata haieleweki kama Plato anatania au la, maana kile kitabu kimejaa michezo ya namna hiyo. Ila inaonyesha kwamba miaka mia nne kabla ya Kristo mtu wa Athens mwenye akili timamu alikua anayasikia kama majina mawili.

Na mtaani kwao Dia ilikua mdomoni kutwa nzima, maana kuapa kunataka akusativu. "Nē Dia!" ni kama unavyosema haki ya Mungu, "ma Dia!" ukiwa unakataa. Ukisoma vichekesho vya Aristophanes kila baada ya mistari michache mtu kaapa nē Dia, muuza soseji anaapa, mwanafalsafa anaapa, kila mtu.

---

chizi_maarifa ameandika:

Mimi sijasoma Kigiriki nimepita tu kula popcorn. Swali la kizushi: huyu Zeus ana wingi? Au mungu mmoja hana wingi kisarufi

---

babu_wa_mizizi ameandika:

Sio la kizushi, na jibu lake ni tamu kuliko yote humu.

Anao. Watu wa Elis, wenyeji wa Olympia, kwao Zeus walimwita Zan (Ζάν), ni ileile Zēn kwa lafudhi yao. Sasa Olympia kulikua na sheria, mwanamichezo akinunua mechi anapigwa faini, na hela ya faini inatengenezewa sanamu za shaba za Zeus. Kesi ya kwanza ni ya Michezo ya 98, mwaka 388 KK, bondia anaitwa Eupolos kutoka Thessaly aliwahonga wapinzani wake watatu. Wote wanne wakapigwa faini, zikatoka sanamu sita. Pausanias, mwandishi wa safari aliyetembelea mahali pale karne ya 2 BK, anasema wenyeji waliziita Zanes, yaani "maZeus". Zilipangwa njiani kuelekea mlango wa uwanjani, kila anayeingia kushindana anapita mbele yake na kusoma maandishi ya nani alihonga. Sanamu zenyewe hazipo tena, misingi yake ya mawe ipo mpaka leo imejipanga mstari.

Kwahiyo wingi wa Zeus ni orodha ya walarushwa.

---

chizi_maarifa ameandika:

Hii ingefanyika huku TFF yote sanamu tupu 😂😂 hapana natania, mods msifute

---

dada_wa_Piraeus ameandika:

Nimechelewa uzi mtamu. Mimi naishi huku Athens, Kigiriki nimejifunzia sokoni na kwenye basi sio darasani, nikaona niongezee cha leo. Huku hakuna anayesema Zeus kwenye maongezi ya kawaida, wanasema Δίας (Dias), o Dias. Hata ile sayari ya Jupiter wanaiita Dias. Mtoto wangu kwenye kitabu chake cha shule cha hadithi za miungu imeandikwa Dias kila ukurasa, na ukisema "wa Zeus" ni "tou Dia", akiwa mtendwa "ton Dia". Nadhani walichukua ile Dia yenu ya akusativu wakaiwekea s.

---

babu_wa_mizizi ameandika:

Ndivyo hasa dada. Akusativu ndiyo inasikika zaidi mtaani, watu wanaijengea nominativu mpya juu yake. Ndo kilekile kilichotokea kwa Zēn ikazaa Zēna na Zēnos, ila safari hii Dia ndo kashinda, na Zeus wa kwenye kamusi amebaki vitabuni. Kilatini nacho kilifanya hivyo na ndugu yake mwingine: diem, akusativu ya mzizi huohuo, ilizaa nominativu dies, "siku". Yaani Zēn ya Homer na diem ya Kilatini ni neno moja.

Ukipata nafasi ukienda Uingereza, British Museum kuna kofia ya vita ya shaba iliyopatikana Olympia. Hieron mtawala wa Syracuse aliitoa sadaka baada ya kuwapiga Waetruski Kumae mwaka 474 KK. Imechongwa maneno machache tu, Hieron mwana wa Deinomenes na Wasirakusa, τῶι Δί, nyara za Waetruski kutoka Kumae. Tōi Di. Dativu, "kwa Zeus", na i mbili za Dii zimeshabanana zimekua moja. Mchongaji alikua na kofia, hana nafasi ya kupoteza.

---

mwana_koine ameandika:

Nimeprinti uzi wote. La mwisho wakuu nisiwachoshe, kuna Matendo 19:35 karani wa Efeso anatuliza ghasia, anasema kuhusu kitu kilichoanguka kutoka mbinguni, Kigiriki ni διοπετοῦς (diopetous). Hiyo dio- ndo huyuhuyu? Na 28:11 ile meli ya Aleksandria yenye alama ya Διοσκούροις?

---

kalamu_ya_mwanzi ameandika:

Ndiye, kote kuwili. Diopetes ni dio- pamoja na ile petes ya "kuanguka", kilichoanguka kutoka kwa Zeus, yaani angani. Biblia nyingi zinaweka "mbinguni", ile ya Kiingereza ya mwaka 1611 iliweka Jupiter, kama ilivyomwita Barnaba Jupiter pale Listra. Dioskouroi ni Dios na kouroi, "vijana wa Zeus", wale mapacha Kastor na Polydeukes ambao mabaharia waliwategemea kwenye dhoruba, na hapo jenitivu Dios imeingia nzimanzima na s yake ndani ya jina. Paulo alikua amevunjikiwa meli Malta, anapanda ingine ina picha ya watoto wa Zeus yuleyule ambaye Listra walidhani ndiye Barnaba wakataka kumchinjia ng'ombe. Luka hasemi chochote, kaandika alama ya meli akasonga mbele.

Mtihani lini?

---

mwana_koine ameandika:

Alhamisi. Na mwalimu kasema ataweka 14:13.